Wimbo Niliofundishwa Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni dukani kabla hujalisoma, usihuzunike. Majanga yangu ni mepesi kufupisha.

Mimi ni winga wa kushoto. Nilizaliwa nchi ya mama, nikakulia huko, nikacheza huko mpaka klabu yangu ikapata kocha mpya asiye na habari na mawinga wa kushoto. Nikakaa benchi hadi wenzangu wakaanza kuniachia simu na funguo zao niwatunzie. Ndipo nchi ya baba, ambayo nilikuwa sijawahi kuikanyaga, ikanipigia simu: njoo uchezee timu ya taifa, baba yako ni wa huku, sheria inaruhusu. Nikapanda ndege. Begi langu likapanda ndege nyingine. Wiki iliyopita niliishia nimesimama mlangoni mwa kambi ya timu, nimevaa kaptura ya kuazima kwa kipa, mtu ambaye amenizidi kila upande.

Kipa huyo ndiye aliyenibatiza jina.

"Umetumwa kwa ndege," akasema, "umefika umechelewa, na nusu ya vitu havimo. Wewe ni Kifurushi."

Tangu hapo hata mpishi wa kambi ananiita Kifurushi.

Tatizo la pili lilikuwa ulimi wangu. Lugha ya huku naijua, nimefundishwa na baba. Lakini baba aliondoka hapa kabla sijazaliwa na hakurudi hata mara moja, kwa hiyo maneno aliyonipa ni ya mwaka alioondoka. Siku ya kwanza mezani nilimwuliza nahodha njia ya kwenda kwenye sinema iliyo mkabala na posta, ile ambayo baba huisifia kila akipata msikilizaji. Nahodha akaweka kijiko chini.

"Ile sinema ilibomolewa kabla mama yangu hajaolewa," akasema. "Halafu, Kifurushi, usikasirike. Unaongea kama babu yangu."

"Babu yako ni mzungumzaji mzuri?"

"Babu yangu ni marehemu."

Ningekuwa na akili zangu timamu, papo hapo ningejiuliza ni kitu gani kingine baba amenipa ambacho muda wake umekwisha. Sikujiuliza. Nilicheka na wenzangu, nikaomba chumvi.

Jumatano tulikuwa na mechi ya kirafiki, ya kupasha misuli kabla ya mechi yenyewe ya kufuzu, Jumamosi. Nilipangwa kuanza. Niliogopa kila jambo isipokuwa wimbo wa taifa, maana huo niliujua kama ninavyojua jina langu.

Baba ni kinyozi. Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili asubuhi kabla hajafungua, alikuwa akinisimamisha juu ya kiti cha wateja, akikanyaga pedeli mpaka nafika karibu na taa, mkono kifuani, tunaimba. Ubeti wa kwanza una milima, wa pili una mito, wa tatu una damu. Nikikosea, ananishusha kidogo. Nikipatia, ananipandisha. Niliupenda wimbo ule kwa sababu ndio pekee ulioniweka juu ya kichwa cha baba.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Timu ya nchi yake ikionyeshwa kwenye televisheni, baba alikuwa akizima sauti mpaka mpira uanze. Nilidhani anaogopa kulia mbele ya wateja.

Basi tumejipanga mstari. Wageni wamekwisha kuimba wa kwao. Zamu yetu ikafika, spika zikakohoa mara mbili, zikazima. Fundi akaonekana anakimbia na waya. Uwanja mzima umesimama, mikono vifuani, kimya kimetanda, na kamera inapita usoni mwa kila mmoja wetu taratibu ikitafuta cha kuonyesha.

Nikajiambia: Kifurushi, leo ndiyo leo. Waonyeshe kwamba wewe si wa kuletwa, wewe ni wa damu.

Nikafungua mdomo, nikaanza kuimba peke yangu.

Mwanzoni nilisikia sauti yangu tu. Halafu, kule jukwaa la wazee, mtu mmoja akapokea. Kisha wa pili. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake akapiga saluti. Kufika kwenye mito, jukwaa lile lote la mvi lilikuwa linaimba na wengine wanalia waziwazi. Nikasisimka mwili mzima. Nilijihisi nimefika nyumbani, nakwambia kweli, na sikuwa nimewahi kujihisi hivyo mahali popote.

"Kifurushi," nahodha akasema bila kutikisa midomo. "Nyamaza."

Nikadhani naye amezidiwa na uzalendo. Nikapandisha sauti.

"Kifurushi, nakuomba kama ndugu yangu. Nyamaza."

Spika zikapata uhai. Wimbo wa taifa ukapigwa, na wenzangu wote kumi wakaanza kuimba wimbo mwingine kabisa.

Nikafunga mdomo. Lakini kilichonimaliza nguvu hakikuwa aibu. Ule wimbo mwingine nilikuwa naujua. Sikuyajua maneno, niliijua sauti yake. Ulikuwa mluzi wa baba. Ule anaoupiga akinyoa, kila siku, kila kichwa, tangu nipate masikio. Nimelala nikiusikia nyuma ya pazia la duka. Na sasa watu elfu kadhaa walikuwa wanauimba na mikono vifuani.

Ukafika mahali ukakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa mlangoni. Watu wakapiga makofi, wakakaa.

Nilifunga bao siku ile, tena kwa mguu wa kulia, ambao kwa kawaida nautumia kupandia ngazi. Tulishinda kwa bao hilo moja. Magazeti hayakuliandika. Yaliandika wimbo.

Asubuhi yake nikaitwa kwa katibu wa chama cha mpira, bwana mmoja wa tai fupi na jasho refu.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Hakuna aliyenituma. Nimefundishwa na baba."

"Ule wimbo ulifutwa, kijana. Ulifutwa pamoja na serikali iliyokuwa ikiuimba. Waziri amenipigia simu nikiwa naoga. Unajua maana ya kupigiwa simu na waziri ukiwa na sabuni machoni?"

Nikasema sijui.

"Jumamosi," akaendelea, "nitakuwekea kipaza sauti mbele ya mdomo. Cha kwako peke yako, kimeunganishwa na spika zote za uwanja. Utaimba wimbo wetu, neno kwa neno, nchi nzima isikie. Ukiimba, tumekusamehe, na jezi ni yako. Usipoimba, mpira hautaanza na wewe. Utatoka uwanjani kwenda uwanja wa ndege."

Nikatoka pale nikipiga hesabu. Klabu yangu kule kwa mama ilikuwa imeshaniambia kwamba nikirudi bila kuchezea timu ya taifa mechi ya mashindano, nisisumbuke kufungua begi. Begi lenyewe nilikuwa sina, lakini maana niliipata. Nikikosa Jumamosi, sina kwa mama, sina kwa baba.

Nikampigia baba. Akapokea na mashine ya kunyolea inaunguruma.

"Baba, wimbo umebadilishwa."

"Najua."

Nikaitazama simu. "Unajua?"

"Nilikuwepo ulipobadilishwa. Geuza kichwa, mzee. Siyo wewe, naongea na mteja."

"Baba, ulinifundisha wimbo uliofutwa, ukaniacha nikauimbe mbele ya kamera. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Na huu wa sasa ni mluzi wako."

Mashine ikazimwa. Sijawahi kusikia baba akizima mashine katikati ya kichwa cha mtu.

"Basi umesikia mwenyewe," akasema. "Ule wimbo ni wa wizi. Mwenye kuiba yupo huko, anakula na kunywa na dada yangu. Ukiuimba, mwanangu, kiti changu usikikalie tena."

"Nisipouimba nafukuzwa."

"Nimesikia. Nakuja Jumamosi, tiketi nimeshakata."

Kwa mbali nikamsikia mama: "Mwambie tiketi nimekata mimi. Yeye tangu jana ameshika rimoti anatazama marudio yako na kulia."

Simu ikakatwa.

Dada yake baba, yaani shangazi yangu, anakaa hatua chache kutoka kambini. Ni mkunga, amezoea kuwaamuru watu wakiwa hawana nafasi ya kubisha. Nilipofika mlangoni alinishika uso kwa mikono miwili akaugeuza huku na huku.

"Pua ya kaka yangu," akasema. "Pole. Ingia."

Mumewe alikuwa mwalimu wa muziki mpaka alipostaafu, na hadi leo kila mtu anamwita Mwalimu, hata mkewe. Nilimkuta kwenye kochi, kofia imefunika nusu ya masikio, amelala fofofo. Juu ya kichwa chake ukutani kulikuwa na picha yake ya ujana, anavishwa nishani. Hata humo amevaa kofia.

"Ukimkalisha tu, amekwenda," shangazi akasema. "Harusini kwetu alilala wakati baba yangu anatoa hotuba. Mwalimu, amka. Mtoto wa kaka ana shida na wimbo wako."

Nikaganda. "Wimbo wake?"

"Hukujua? Wimbo wa taifa alitunga yeye. Nishani ndiyo ile." Akachukua kikapu chake. "Nakwenda kumwona mjamzito hapo jirani. Mkinimalizia chai nitajua."

Kumbe nilikuwa nimekuja kuomba msaada kwa mtu ambaye baba anamwita mwizi. Nikataka kuondoka. Lakini Mwalimu alikuwa ameamka, amefurahi, anapangusa vumbi kwenye kinanda.

"Umekuja kwa mwenyewe," akasema. "Kaa hapa. Maneno ni rahisi, nitakupa mstari kwa mstari."

Nikakaa. Alikuwa mwalimu mzuri, siwezi kusema uongo. Hakunicheka lafudhi. Tulipofika mstari wa mwisho, kinanda kikakatika palepale ulipokatikia uwanjani.

"Unaishia hapo?" nikauliza.

"Unaishia hapo."

"Kama mtu ameitwa mlangoni."

"Wote husema hivyo," akajibu, uso wake ukiingia kivuli kidogo. "Nilijaribu kuumalizia, kila nilichoongeza kilikuwa kama kiraka. Nikauacha."

Sasa hapa, msomaji, sikukusudia kitu. Ni mazoea tu. Mtu aliyekulia nyuma ya pazia la kinyozi hawezi kuacha mluzi nusu. Midomo yangu ikaendelea yenyewe, ikatoa kile kipande cha mwisho, cha chini, cha polepole, mpaka kikatua.

Mikono ya Mwalimu ikabaki hewani juu ya kinanda.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Ni cha baba. Hicho ni cha kisogoni."

"Cha kisogoni?"

Ikabidi nimweleze. Baba hapigi mluzi ovyo, anaufuatisha kichwa. Utosini anakwenda kwa mwendo wa mashine, mrefu na wa kujidai. Akifika kwenye masikio anaupiga harakaharaka, kwa sababu pale mkono unakata kona. Kisogoni anashika wembe, na hapo mluzi unashuka chini na kulainika, ili mteja asishtuke akakatwa. Kichwa kikiisha, wimbo umeisha. Wateja wake wa siku nyingi hawajitazami hata kwenye kioo, wakisikia kile kipande cha mwisho wanainuka wenyewe.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kinanda taratibu.

"Nilikuwa nanyolewa na baba yako kila wiki," akasema. "Nilikuwa namchumbia dada yake, nilitaka nionekane nadhifu. Lakini kiti kile, mwanangu, kile kiti kilikuwa kizuri. Sikuwahi kufika kisogoni nikiwa macho."

Nikajua nimesikia jambo zito, na papo hapo nikataka kucheka.

"Kwa hiyo uliuchukua."

"Sikujua kama nauchukua. Serikali mpya ilitangaza shindano la wimbo. Maneno nilikuwa nayo, sauti sina. Siku moja nikaamka nikaikuta kichwani, imekamilika isipokuwa mwisho. Mtu akisinzia, kitu kinamwingia sikioni, akiamka anadhani kimeota humo humo."

"Na ulipojua si chako?"

Akaitazama ile picha ukutani. "Nilijua siku waliyotangaza mshindi. Nilikuwa kwenye kiti chake, nimelala. Nikaamka nusu kichwa kimenyolewa, redio inapiga wimbo wangu, na kinyozi hayupo. Alikuwa amechukua mashine yake akatoka. Hakurudi dukani, hakurudi kwao, hakurudi nchini. Nikarudi nyumbani na nusu kichwa. Siku ya nishani ilibidi nivae kofia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mbele ya nani? Watoto wa shule walikuwa wameshaanza kuuimba." Akavua kofia. Kwa mbele kichwa chake kilikuwa cha mtu mstaarabu. Akageuka, nikaona kisogo. Kilikuwa kimepandwa mafungu mafungu, kirefu hapa, kifupi pale, na kovu la wembe katikati. "Tangu siku ile sijakaa kwa kinyozi mwingine. Najinyoa mwenyewe. Nyuma napapasa tu. Tafadhali, shangazi yako asijue."

"Asijue nini?" shangazi akauliza.

Alikuwa mlangoni na kikapu chake. Sijui alikuwepo tangu lini, ila kwa jinsi alivyokishika kile kikapu, ilikuwa tangu mapema.

Mwalimu akavaa kofia. Haikumsaidia.

"Miaka yote hii," shangazi akasema, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya zaidi, "nimewaambia wanangu kwamba mjomba wao alikimbia siasa. Nimewaambia majirani. Nimelia nikiombea siasa ziishe. Kumbe kaka yangu alikimbia kichwa chako."

"Mke wangu."

"Mama yetu alifariki akimngoja, Mwalimu. Akimngoja kwa sababu ya mluzi."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu akainamia kinanda, mabega yakaanza kumtikisika. Shangazi akaweka kikapu chini, akampangusia kofia vumbi ambalo halikuwepo.

"Jumamosi," akasema, "wote wawili mtakaa na mimi. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Na wewe utamwambia kwa mdomo wako."

"Atanivunja meno."

"Nitakuwa katikati."

Baba alifika Jumamosi asubuhi, akaja kambini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Nilimwona getini, koti lake la kutokea, mgongo umenyooka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba baba ni mtu mfupi. Hakunisalimia. Alinigeuza.

"Nani amekunyoa?"

"Kinyozi wa kambi."

"Amekuharibu. Kaa."

Nikakaa kwenye benchi la nje. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa ile mashine yake ya zamani ya mkono, isiyotumia umeme, ambayo haachani nayo hata akienda msibani. Mkasi na wembe walikuwa wamemnyang'anya uwanja wa ndege. Akaanza kunitengeneza kisogo.

"Nimepita posta," akasema. "Sinema siioni."

"Ilibomolewa, baba."

Mashine ikasimama, ikaendelea.

"Baba, nikiuimba leo utafanya nini?"

"Nitainuka nitoke."

"Nisipouimba, tunarudi wote, na huko sina timu. Miguu ndiyo hii tu, na haingoji."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui." Akanipuliza nywele shingoni. "Nilitoka hapa na mashine na mluzi, mwanangu. Sinema sikubeba, mama yangu sikumbeba. Halafu nafungua televisheni, nakuta na mluzi nao umebaki huku, tena una bendera."

Hasira zilikuwa zimenijaa tangu Alhamisi, nikaona bora nizitoe zikiwa bado za moto. "Ulinisimamisha juu ya kiti ili siku moja nije nikuimbie ugomvi wako. Mimi sikuwa najua. Nilidhani unanipa nchi."

Akaikung'uta mashine kwenye kiganja.

"Nilikuwa nakupa nchi," akasema. "Sikuwa na nyingine."

Alimaliza bila kupiga mluzi.

Na sasa nipo uwanjani. Mstari umepangwa. Kipaza sauti kipo mbele ya mdomo wangu, kirefu, kimesimama kwenye mguu wake kama mtu wa kumi na mbili. Katibu yuko pembeni ya mstari, anajipangusa. Kipa ananinong'oneza: "Leo tuimbie wa mwaka huu, Kifurushi."

Nilikuwa nimeshawaona. Safu ya tatu, upande wangu wa kushoto. Shangazi katikati. Baba kulia kwake, Mwalimu kushoto, kila mmoja anatazama mbele. Ilionekana wazi kwamba Mwalimu alikuwa bado hajasema kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amekaa kwenye kiti na macho yako wazi.

Spika hazikukohoa. Wimbo ukaanza.

Nikatazama jezi yangu, nikamtazama baba, nikaimba.

Niliimba maneno ya Mwalimu neno kwa neno, sauti yangu ikinirudia kutoka pembe zote za uwanja. Kwenye mstari wa pili baba akainuka. Shangazi akamshika koti, likamponyoka. Kwenye mstari wa tatu alikuwa kwenye ngazi, anapanda kuelekea mlango wa kutokea, polepole, maana magoti yake si ya kupanda. Nikaendelea kuimba. Machozi yalinitoka na kamera ikayapenda sana, ikanisogelea. Katibu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Jezi imekuwa yangu.

Wimbo ukafika pale unapokatikia. Ukakatika.

Watu wakashika viti wakae. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.

Nikakunja midomo, nikapiga kipande cha kisogoni.

Kikatoka kwenye spika zote, chini, laini, polepole, kwenye uwanja uliokuwa haujawahi kusikia mwisho wa wimbo wake. Nilimwona katibu akigeuka mdomo wazi. Nikamwona nahodha akinitazama, na safari hii hakuniambia ninyamaze. Na kule juu, mguu mmoja kwenye ngazi ya mwisho, baba akasimama.

Hakugeuka mpaka mluzi ulipotua.

Alipogeuka, Mwalimu alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake, anapanda zile ngazi nyuma yake. Shangazi hakumzuia. Akafika ngazi moja chini ya baba. Sikusikia kama alisema lolote, kipaza sauti kilikuwa kwangu. Niliona tu kwamba alivua kofia, mbele ya uwanja mzima, akamgeuzia baba mgongo, akainamisha kichwa, akampa kile kisogo.

Huku chini watu walikuwa wanasukumana kwenda nafasi zao. Mtu akanisukuma na mimi, nikajikuta kwenye pembe yangu ya kushoto. Katibu alikuwa ananipigia kelele kutoka kwenye mstari, sijui anasema nimefuzu au nimefukuzwa.

Baba alikitazama kile kisogo kwa muda mrefu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, ule ule wa mashine.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira wa kwanza ukapigwa upande wangu, nahodha akaniita kwa jina langu halisi, na mimi nilikuwa natazama mkono wa baba ukitoka mfukoni.